Rangi ya zambarau ikishamezwa inakwenda wapi? Uzi wa antosianini: zambarau, forosadi, rozela na beri za nchi za baridi

#1 Ukakasi

Wakuu, kila msimu wa zambarau yanazunguka maneno kwamba ile rangi nyeusi ni antioksidanti, inaingia kwenye damu kama ilivyo na kuanza kazi. Wauza unga wa beri nao wanabandika namba kubwa za "nguvu ya antioksidanti" kwa kila gramu 100. Namba hiyo imepimwa kwenye tunda, haijapimwa kwa mtu aliyelila. Nafungua uzi huu tuifuate rangi yenyewe kituo kwa kituo, tuone wapi inatulia, wapi inaharibika na wapi inageuka kitu kingine. Wenye maabara, wenye jiko na wenye duka la dawa, karibuni mrekebishe.

Rangi hizi zinaitwa antosianini. Aina sita ndizo zimejaa kwenye vyakula: sianidini, delfinidini, malvidini, peonidini, petunidini na pelagonidini. Kila moja ina mwili wa pete tatu, na juu yake imening'inia sukari. Forosadi nyeusi ni sianidini karibu tupu, imeshikwa na glukosi au rutinosi. Rozela, wengine tunaiita choya, ina delfinidini na sianidini zilizobeba sukari pacha iitwayo sambubiosi (najua si tunda, ni lile vazi nene la ua, lakini ndiyo rangi tunayokunywa zaidi). Stroberi ni pelagonidini, ndiyo maana wekundu wake unaelekea rangi ya chungwa. Zambarau ina delfinidini, petunidini na malvidini, kila moja na glukosi mbili. Shikeni tofauti hizi, zitarudi huko mbele.

Mdomoni. Kamua ganda la zambarau kwenye kijiko, maji yake ni mekundu ya damu ya mzee kwa sababu tunda lina asidi. Kula zambarau tano kisha jitazame kwenye kioo: ulimi umekuwa wa buluu. Rangi ni ileile. Mate yana pH (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, na kadiri inavyoshuka asidi inazidi) inayokaribia 7, na antosianini hubadili sura kufuata asidi. Pitisha kipande cha ndimu kwenye ulimi, wekundu unarudi hapohapo. Ule ukakasi unaobana mashavu ni tanini zinazokamata protini za mate, na antosianini kiasi hunasa humohumo. Ila chakula hakikai mdomoni muda wa kutosha kuleta hasara kubwa.

Tumboni. Hapa ndipo antosianini zinapostarehe. pH ya tumbo tupu iko kati ya 1.5 na 3, na chini ya 3 antosianini zinakaa kwenye umbo lao jekundu lililo imara. Pepsini haina kazi nazo, yenyewe hukata protini. Vipimo vya maabara baada ya saa 2 za "tumbo" mara nyingi vinaonyesha rangi karibu yote bado ipo, na wakati mwingine imeongezeka, kwa sababu asidi imeichomoa kwenye ganda ambako mwanzoni haikupimika. Sehemu ndogo huvuka ukuta wa tumbo lenyewe, ndiyo maana antosianini nzima huonekana kwenye damu mapema, ndani ya saa moja au mbili.

Utumbo mwembamba. Mambo yanageuka. Kongosho linamwaga bikaboneti, nyongo inaingia, pH inapanda hadi 6 au 7 na zaidi. Molekuli ya maji inajipachika kwenye pete ya kati na rangi inafifia kabisa. Kisha pete hiyo inafunguka, linatokea umbo la njano liitwalo chalkoni. Chalkoni ikikaa, inakatika vipande viwili. Kipande cha kwanza ni floroglusinaldehaidi. Cha pili kinategemea ulianza na nani: sianidini inatoa asidi ya protokatekuiki, delfinidini inatoa asidi ya galiki, malvidini asidi ya siringiki, peonidini asidi ya vaniliki, pelagonidini asidi ya hidroksibenzoiki.

Delfinidini huwa ya kwanza kuangamia. Pete yake ya pembeni ina vikundi vitatu vya hidroksili vilivyopangana, na oksijeni inavipenda mno. Malvidini viwili kati ya hivyo vimefunikwa kwa methili, kwa hiyo inavumilia. Hii ndiyo sababu rozela, pamoja na wekundu wake wote, inapoteza rangi utumboni haraka kuliko matunda yenye malvidini nyingi.

Utumbo mpana naupa bandiko lake.

#2 Ukakasi

Kinachobaki bila kufyonzwa kinashuka utumbo mpana, na ni kingi. Ukuta wa utumbo mwembamba una kimeng'enya cha laktesi ambacho kinaweza kukata glukosi moja na kuiachilia rangi ipite. Rutinosi na sambubiosi kinashindwa kuzikata. Kwa hiyo rangi ya rozela na sehemu ya rangi ya forosadi inasubiri bakteria.

Bakteria (laktobasili na bifidobakteria ni mafundi wazuri wa hili) wanakata sukari, wanafungua pete, wanazalisha zile asidi ndogo nilizozitaja. Asidi hizo zinafyonzwa vizuri, zinapita kwenye ini, zinavalishwa sulfeti, glukuroni au methili, na zinazunguka kwenye damu kwa siku moja, mbili, wakati rangi yenyewe ilishaondoka ndani ya saa chache.

Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba antosianini hufyonzwa chini ya asilimia 1. Waliokuwa wanapima walitafuta rangi nzima tu kwenye mkojo. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza waliwapa wanaume 8 miligramu 500 za sianidini-3-glukosidi iliyotiwa kaboni-13, kaboni nzito inayofuatilika popote iendapo. Walipojumlisha mkojo na pumzi, kaboni iliyothibitika kuingia mwilini ilikuwa karibu asilimia 12, na zaidi ya nusu yake ilitoka kwa pumzi. Wale waliohesabu rangi pekee walikuwa wanahesabu abiria waliobaki na nguo zilezile za asubuhi.

#3 Mizani ya Lishe

Asante sana Ukakasi. Swali moja linaulizwa sana na watu wanaokula bitiruti: wakila hiyo mkojo unakuwa mwekundu, mbona wakila bakuli la forosadi mkojo haubadiliki? Wengine wanahitimisha kwamba forosadi "haina nguvu".

#4 pH Saba

Mkuu Mizani, hizo ni familia mbili tofauti za rangi. Bitiruti ina betalaini, yenye naitrojeni ndani yake, nayo inatulia kuanzia pH 3 hadi 7. Ikifanikiwa kuvuka, inatoka na figo ikiwa na rangi yake, na bado hutokea kwa baadhi ya watu tu. Antosianini iliyovuka nzima ni kidogo mno, na mkojo una pH karibu 6, mahali ambapo sehemu kubwa ya antosianini haina rangi. Zile asidi ndogo alizosema Ukakasi hazina rangi kabisa, ungezijaza kwenye glasi usingeziona. Mkojo wa kawaida baada ya forosadi hauelezi lolote kuhusu ubora wa forosadi.

Sasa nije kwenye maabara, kwa sababu makosa ya namba yanaanzia huko na kuishia kwenye mabango. Wanafunzi wengi wa sayansi ya chakula sasa wanatumia utaratibu wa INFOGEST, yaani kuiga umeng'enyaji wa mwili ndani ya bomba la maabara, uliotoka 2014 na kurekebishwa 2019. Kwa tunda uko hivi, kila hatua kwenye nyuzi 37 huku unachanganya taratibu:

Mdomo: gramu 5 za rojo la tunda, jaza kwa mate ya kutengenezwa hadi mililita 10, pH 7, dakika 2. Amilesi ya yuniti 75 kwa mililita ni kwa chakula chenye wanga. Kwa zambarau au bluberi iache.

Tumbo: jaza hadi mililita 20, pH 3, pepsini yuniti 2000 kwa kila mililita ya mchanganyiko, saa 2. Toleo la 2019 linaongeza lipesi ya tumbo yuniti 60.

Utumbo mwembamba: jaza hadi mililita 40, pH 7, pankreatini (mchanganyiko wa vimeng'enya vya kongosho) inayopimwa kwa tripsini yuniti 100 kwa mililita, chumvi za nyongo milimola 10 kwa lita, saa 2.

Yuniti za vimeng'enya pima mwenyewe kila ukifungua kopo jipya. Namba ya kwenye lebo ni ya siku kopo lilipofungwa kiwandani.

Ukimaliza saa 2 za mwisho usiweke sampuli mezani ukaenda kula. Rangi inaendelea kufa kwenye pH 7. Ongeza asidi hapohapo ishuke hadi karibu pH 2, iweke kwenye barafu, zungusha kwenye sentrifuji, gandisha kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Na mashapo usiyamwage. Protini za pankreatini na nyuzinyuzi za tunda zimebeba rangi. Yaoshe kwa methanoli yenye asidi kidogo upime nayo, ama utaandika "imeharibika" kitu ambacho kimejificha chini ya bomba.

#5 pH Saba

Kupima rangi, njia nafuu ni ya pH mbili. Bafa (kimiminika kinachoshikilia pH isibadilike) ya kwanza: kloridi ya potasiamu gramu 1.86 kwenye maji mililita 980, shusha kwa asidi ya hidrokloriki hadi pH 1.0, timiza lita 1. Ya pili: asetati ya sodiamu yenye maji matatu gramu 54.43 kwenye mililita 960, shusha hadi 4.5, timiza lita 1. Sampuli isizidi theluthi moja… hapana, sahihisho: isizidi moja ya tano ya ujazo wote, ama asidi ya tunda inaivuruga bafa. Soma ufyonzaji wa mwanga (A) kwenye nanomita 520 na 700, kati ya dakika 20 na 50 baada ya kuchanganya.

A = (A520 − A700) ya pH 1.0, toa (A520 − A700) ya pH 4.5.
Miligramu kwa lita = A × 449.2 × mzimuo (mara ulizoizimua sampuli) × 1000 ÷ 26,900 (kwa kyuveti ya sentimita 1).

Mfano wa namba, ili kosa kubwa kuliko yote lionekane. Tuseme juisi kabla ya kumeng'enywa ilitoa A ya 0.60 kwa mzimuo wa mara 20. Hiyo ni miligramu 200 kwa lita. Mwisho wa utumbo mwembamba, A ni 0.12 kwa mzimuo wa mara 5: miligramu 10 kwa lita. Mwanafunzi anagawanya 10 kwa 200, anaandika "imebaki asilimia 5". Amesahau kwamba mililita 5 zake zimekuwa 40. Hesabu uzito wenyewe: mwanzo mililita 5 zilikuwa na miligramu 1.0, mwisho mililita 40 zina miligramu 0.4. Imebaki asilimia 40. Kosa la mara 8, na limeshapita kwenye ripoti nyingi bila mtu kulishtukia.

Lingine: ukitia sampuli yenye nyongo kwenye pH 1.0 inachafuka kama maji ya mchele, kwa sababu asidi za nyongo hazikai kwenye maji yenye asidi kali. Ule weupe ndio A700 yako iliyopanda. Zungusha tena kwenye sentrifuji kabla ya kusoma.

#6 Kamua na Chuja

Hapo kwenye vipimo naomba ufafanuzi pH Saba. Kuna ripoti za juisi ya rozela na za bluberi zinaonyesha rangi imeshuka kwa zaidi ya nusu baada ya utumbo mwembamba, lakini "fenoli jumla" (familia kubwa ambamo antosianini zimo) zimepanda hadi asilimia 140 ya mwanzo. Rangi inakufa, fenoli zinaongezeka. Inawezekanaje?

#7 pH Saba

Sehemu ni kweli, sehemu ni kosa la kipimo. Kweli: rangi ikikatika inatoa fenoli mbili ndogo, na nyuzinyuzi zikilainika zinaachia fenoli zilizokuwa zimefungwa. Kosa: kipimo cha Folin, kinachotumika kupima fenoli jumla, kinashika chochote kinachotoa elektroni. Pankreatini imejaa tirosini (kipande cha protini), inageuka buluu kwenye Folin bila tunda hata tone. Vitamini C nayo inashikwa, na baadhi ya sukari pia. Dawa yake ni bomba tupu: fanya umeng'enyaji mzima wa mdomo, tumbo na utumbo kwa maji badala ya tunda, vimeng'enya na nyongo vilevile, kisha toa namba yake kwenye kila sampuli. Ripoti isiyosema ilitoa bomba tupu, namba yake ya fenoli baada ya utumbo usiitegemee.

#8 Mizani ya Lishe

Na mimi niongeze jambo linalopunguza imani kwenye hata namba nzuri za maabara. Watu waliotolewa utumbo mpana wana mfuko unaopokea kinachotoka utumbo mwembamba, na baadhi yao wamejitolea kula beri ili watafiti wapime mfukoni. Kwa bluberi, hadi asilimia 85 ya antosianini zilikutwa mfukoni, ikitegemea sukari iliyoshikwa na rangi. Kwa rasiberi karibu asilimia 40. Kwa hiyo ndani ya mtu rangi nyingi inaweza kufika mwisho wa utumbo mwembamba ikiwa bado rangi, kinyume na bomba la kioo linavyotangaza.

#9 pH Saba

Sahihi kabisa, na sababu kubwa ni oksijeni. Bomba letu limefunguka juu, linatikiswa saa 2, oksijeni inaingia muda wote. Ndani ya utumbo oksijeni ni haba. Ukiweza, pitisha naitrojeni kwenye vimiminika vyote kabla ya hatua ya utumbo na funika bomba kwa gesi hiyohiyo. Halafu mtu hali rangi iliyochujwa, anakula tunda lenye pektini, ganda, sukari na mara nyingi chakula kingine. Pektini inazifunga antosianini na kuzisindikiza chini. Ukimeng'enya rangi safi kutoka kwenye chupa ya kemikali utapata vifo vingi kuliko ukimeng'enya tunda lenyewe.

#10 Ukakasi

Kwa wasio na maabara, jikoni kuna namna ya kuliona jambo hili kwa macho, na inafaa sana darasani. Chemsha maji mililita 500, zima moto, tia gramu 10 za rozela kavu, funika dakika 15, chuja, iache ipoe. Gawa kwenye glasi tatu za kioo safi.

Glasi A ni tumbo: kamulia kijiko cha chai cha ndimu. Wekundu unang'aa.

Glasi B na C ni utumbo mwembamba: dondosha baking soda punje kidogo kidogo huku unakoroga. Itatoa povu kwa sababu rozela ni kali. Nenda taratibu hadi povu likome na rangi iwe ya zambarau iliyopauka. Ikifika kijani umezidisha, umevuka pH ya utumbo, anza upya. Magadi usitumie, ni makali mno, yanakupeleka kijani kwa mkupuo mmoja.

Sasa kwenye B rudisha ndimu mara moja. Wekundu unarudi karibu wote. Glasi C iweke kwenye chupa ya chai yenye maji ya uvuguvugu wa mwili (glasi ndogo iliyofunikwa inaingia kwenye yenye mdomo mpana), iache saa 2, kisha tia ndimu kiasi kilekile. Itarudi nyekundu hafifu, na chini yake utaona rangi ya kahawia ambayo haiondoki hata uongeze ndimu.

Tofauti kati ya B na C ndiyo hasara halisi. Kilichorudi kilikuwa kimebadili umbo tu. Kilichobaki kahawia kimekatika, na ndimu haikiunganishi tena. Ndiyo maana vilevile kupima sampuli ya utumbo moja kwa moja kwenye pH 7 kunadanganya: unaona haina rangi, unadhani imekufa yote.

#11 Kamua na Chuja

Nimeipenda hiyo ya glasi tatu. Sasa upande wa watengeneza juisi, kwa sababu kabla tumbo halijagusa chochote, sisi tumeshapoteza nyingi.

Kukamua: rangi ya zambarau na ya bluberi iko kwenye ganda. Kwenye kiwanda cha juisi ya bluberi imewahi kupimwa kwamba karibu theluthi moja tu ya antosianini ndiyo ilifika kwenye juisi, asilimia 18 ilibaki kwenye makapi, na iliyosalia iliharibika njiani. Mharibifu ni kimeng'enya cha tunda lenyewe, kile kinachofanya ndizi iliyomenywa iwe nyeusi. Dawa yake ni mvuke mkali wa dakika 2 au 3 kabla ya kusaga: kimeng'enya kinakufa, ganda linalegea, rangi inatoka. Kwa zambarau ondoa kokwa kwanza, likisagika linatia uchungu.

Joto: kwenye nyuzi 95 na asidi ya kawaida ya juisi, nusu ya antosianini za stroberi hupotea kwa karibu saa 2. Kuchemsha dakika 5 hakuna madhara makubwa. Sufuria la rozela linalokaa jikoni tangu asubuhi likiongezwa maji ni jambo lingine.

Ndizi: smoothie ya beri na ndizi ndiyo inayouzwa kila mahali, na ndizi imejaa kimeng'enya hicho. Mwaka 2023 watafiti wa Davis, California, waliwapa watu kinywaji cha ndizi chenye flavanoli, na kilele cha flavanoli kwenye damu kilikuwa chini kwa asilimia 84 ukilinganisha na waliomeza vidonge. Ile ilikuwa flavanoli, ndugu yake antosianini, kwa hiyo usiihamishe namba hiyo kama ilivyo kwenye forosadi. Lakini kimeng'enya hicho kikioksidisha fenoli nyingine, zao lake linashambulia antosianini. Utaiona: smoothie ya zambarau na ndizi iache dakika 30, rangi inaelekea udongo. Weka embe au nanasi badala ya ndizi. Ukilazimika ndizi, tia ndimu na unywe hapohapo.

#12 Mizani ya Lishe

Maziwa nayo yanaulizwa. Kaseini inashika fenoli, hilo halina ubishi. Kama inapunguza kinachofyonzwa, matokeo yanagongana. Stroberi na krimu zimewahi kupimwa kwa watu: krimu ilichelewesha kilele kwenye damu, lakini jumla iliyotoka kwenye mkojo haikupungua. Krimu inachelewesha tumbo kumwaga chakula, ndilo jambo lenyewe. Anayetia mtindi kwenye forosadi asiwe na wasiwasi, na zile bakteria za utumbo mpana hazijali sana rangi imechelewa dakika 60.

Ninalotaka tulikazie ni rozela na damu. Mjamzito akiambiwa damu imepungua, kitu cha kwanza anachoshauriwa mtaani ni juisi ya choya, kwa sababu ni nyekundu. Wekundu ule ni delfinidini na sianidini. Hauna chuma ndani yake. Zaidi ya hapo, rangi zenye hidroksili mbili jirani kwenye pete zinakamata chuma. Chovya msumari wenye kutu kwenye rozela iliyopunguzwa asidi, iache, uone inavyogeuka buluu nyeusi. Chuma kilichokamatwa hivyo kwenye utumbo mwembamba, ambako asidi imepungua, hakifyonzwi vizuri. Asidi na vitamini C za ndani ya kinywaji zinavuta upande mwingine, zinasaidia chuma, kwa hiyo matokeo ya mwisho yanategemea uzito wa juisi na chakula. Mwenye upungufu wa damu anahitaji vidonge vya chuma na asidi ya foliki alivyopewa kliniki, na chungwa la kusindikizia. Rozela anywe kama kinywaji, mbali na vidonge.

#13 Zamu ya Usiku

Nakubaliana na #12, na kwa upande wa dawa: kidonge cha chuma kwa maji, kisha acha angalau saa 2 kabla ya rozela, chai au kahawa. Kwa wanaotumia dawa za presha, rozela inashusha presha yenyewe. Kwenye jaribio moja la Marekani la 2010, vikombe 3 vya mililita 240 kwa siku kwa wiki 6 vilishusha namba ya juu ya presha kwa wastani wa 7. Mwambie daktari unakunywa kiasi gani, na usiache dawa kwa sababu ya juisi.

Na zile namba za "nguvu ya antioksidanti" za #1: nyingi zimetokana na kipimo cha ORAC. Wizara ya kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali lake kwenye tovuti, ikaliondoa mwaka 2012 kwa sababu namba za bomba hazionyeshi kinachotokea mwilini na zilitumiwa vibaya kwenye matangazo. Hesabu ni rahisi. Vitamini C kwenye damu ya mtu anayekula vizuri ni karibu maikromola 50 kwa lita, asidi ya yuriki ni mamia. Antosianini nzima baada ya bakuli la beri ni nanomola, yaani mamia hadi maelfu ya mara chini. Haiwezi kuwa ndiyo "inayosafisha damu" kwa kupigana ana kwa ana. Faida ya beri kwenye mishipa ya damu itafutwe kwenye zile asidi ndogo zinavyozungumza na seli.

#14 Kamua na Chuja

Kwa hiyo makapi ya zambarau na ya forosadi tunayotupa ndiyo yana mzigo wa kwenda utumbo mpana?

#15 Ukakasi

Sehemu yake kubwa, ndiyo. Rangi iliyofungwa kwenye nyuzinyuzi inapita utumbo mwembamba ikiwa imejikinga, na bakteria wanakula vyote viwili. Yakaushe kivulini au kwenye oveni chini ya nyuzi 60, saga, chekecha, weka kwenye kopo lisilopitisha mwanga. Kijiko kimoja kwenye uji, uji ukishaipuliwa. Uji uliochachushwa unafaa zaidi kuliko usiochachushwa, kwa sababu asidi yake inailinda rangi kwenye sufuria: ukiona uji umekuwa wa waridi rangi iko salama, ukiona wa kijivu-buluu asidi imepungua, ongeza ndimu.

Kwa rasiberi, blakiberi na stroberi kuna kundi jingine, elajitanini. Hizo bakteria wanazigeuza kuwa urolithini, na hapo watu wanatofautiana kabisa: wapo wasiotengeneza urolithini hata kidogo kwa sababu hawana bakteria wenyewe. Bakuli lilelile, mezani palepale, damu tofauti. Wastani wa kundi kwenye ripoti haukuhakikishii wewe binafsi.

#16 Mizani ya Lishe

La mwisho kutoka kwangu, maana litaulizwa tu. Baada ya kula zambarau, forosadi au bluberi nyingi, kinyesi cha kesho yake kinaweza kuwa cheusi au cha kijani kibichi kilichokolea. Ni rangi iliyobaki. Kikiwa na umbo la kawaida na kikarudi sawa ndani ya siku mbili tatu tangu uache tunda, hakuna tatizo. Kikiwa cheusi tii kama lami, kinanata, kina harufu kali isiyo ya kawaida, au kuna kizunguzungu na maumivu ya tumbo, hiyo inaweza kuwa damu inayovuja tumboni, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme pia kama unatumia vidonge vya chuma, kwa sababu navyo hufanya kinyesi kuwa cheusi.

#17 pH Saba

Nyongeza kwa wanaotaka kurudia jaribio la glasi tatu kwa zambarau badala ya rozela: tumia maganda ya zambarau 10 kwenye maji moto mililita 200 yenye kijiko cha chai cha ndimu. Bila ndimu kimeng'enya cha ganda kitakuharibia rangi kabla hujafika glasi ya kwanza.

#18 Kamua na Chuja

Nimelifanya sasa hivi kwa forosadi, maana ndizo zilizopo. Glasi C baada ya saa 2 imerudi nyekundu zaidi kuliko ya rozela niliyoiweka pembeni yake. Sianidini dhidi ya delfinidini, kama ilivyoandikwa #1. Zote mbili zina ile kahawia chini.

#19 Ukakasi

Safi mkuu. Iache C ya forosadi hadi kesho asubuhi bila kuongeza kitu, kisha tia ndimu tena, utuambie kilichobaki.